Neno la kwanza la Anania

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa. Jumatano tukiwa mazoezini alikuja kijana mmoja, gitaa mgongoni. "Shikamoo mama," akasema, ameokoka na anaomba kuisaidia kwaya. Wengi hapa Tanga tunamfahamu, amepiga solo miaka mingi kwenye baa za Ngamiani. Nikamjibu, "Tutakuita, mwanangu." Namba yake ya simu sikuichukua. Na mimi ndiye katibu wa kwaya!

Jioni nasubiri mihogo ya kukaanga, redio ya muuzaji ikaweka "Kifo" ya Remmy Ongala. Nikashindwa kuondoka pale. Mnamkumbuka Dokta Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akatamba na Matimila. Tulimpenda kwa sababu aliziimba shida zetu kwa Kiswahili cha barazani. Mnyonge akisikia, anajua katajwa yeye. Pale Sinza kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy mpaka leo. Na huyo huyo, mwishoni mwa maisha yake, aliokoka, akakata rasta zake, akaimba Injili. Bwana alimchukua Desemba 2010.

Niungame mbele zenu. Nyimbo zake za dansi nilizijua mstari kwa mstari. Alipogeuka, nilikuwa miongoni mwa waliosema, "Maradhi yamemtisha huyo." Kanda yake ya Injili sikununua hata moja.

Tumtazame Anania, mfuasi wa Yesu kule Dameski, katika Matendo ya Mitume 9. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana Sauli, mtesi wa waumini, alikuja Dameski kuwafunga watu kama yeye, kabla Bwana hajamgeuza njiani na macho yake kupofuka. Alimweleza Bwana wazi kwamba habari za mtu huyu amezisikia. Lakini alipoingia ile nyumba ya njia iitwayo Nyofu, alimwekea mikono, na neno lake la kwanza likawa: "Ndugu Sauli." Ndugu! Sauli hajabatizwa bado, hajahubiri hata siku moja, magamba yangali machoni, na tayari ameitwa ndugu.

Sisi je? Tunamwambia mtu "tutakuita". Tunamkalisha benchi la nyuma, tunanong'ona alikuwa wapi mwaka jana na alikuwa na nani. Mwana mpotevu tunamhubiri kila mwaka kwa machozi, kumbe tumesimama nje na yule kaka mtu, tumenuna, ngoma tunaisikia na ndani hatuingii. Wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu, tuache. Waliomsaidia Remmy kusimama ni wale waliomkaribisha siku ya kwanza, wala hawakuwa watu kama mimi.

Kesho baada ya ibada naenda Makorora kumtafuta yule kijana. Nyumba siijui, nimeambiwa tu anakaa jirani na fundi baiskeli. Niombeeni nimkute.