Kompyuta Inayozima Ovyo Baada ya Kubadilishiwa Kifaa: Tusome Ushahidi Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ya mezani iliyokuwa nzima, ikabadilishiwa kifaa kimoja kisha ikaanza kuzima ovyo, ina nafuu moja ambayo mafundi wengi huipuuza: tunajua ugonjwa ulianza lini na nini kiliguswa siku hiyo. Ndiyo maana nasikitishwa na desturi iliyoenea ya kukimbilia kufuta diski na kupiga Windows upya kila mashine inapozima, hata pale ambapo Windows haikuguswa kabisa. Kisa ninachokieleza hapa ni cha kompyuta ya nyumbani kwa dada yangu, Dar es Salaam, ambayo wapwa zangu huitumia kwa masomo, naye mwenyewe huitumia usiku kuhariri video za harusi. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kasoro zilizokuwamo ni za kawaida sana, na njia iliyotufikisha kwenye chanzo inaweza kufuatwa na yeyote mwenye bisibisi, flashi, multimita (kipimo cha umeme) na subira.

Mashine yenyewe ina prosesa ya Intel Core i5-8400, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine huifanyia kazi) mbili za DDR4 zenye GB 8 kila moja, kadi ya grafiki ya GeForce GTX 1060, SSD (diski ya kasi) yenye Windows na diski kubwa ya kuhifadhia video. Pawa saplai yake, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme, iliungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Fundi wa mtaani akafunga nyingine mpya iliyoandikwa wati 500 ubavuni, mashine ikawaka, akalipwa akaenda zake. Tangu hapo, kila dada alipofikia hatua ya kuiacha programu itengeneze video iliyokamilika, mashine ilizima pu! kama iliyochomolewa ukutani. Fundi aliitwa tena, akachomoa RAM, akazirudisha. Mashine iliendelea kuzima, na sasa nyakati nyingine, mara chache zaidi, ilionyesha skrini ya buluu, ile ambayo Windows huitoa ikipata kosa kubwa, na kujiwasha upya. Ndipo fundi akatoa hukumu yake: “Dada, Windows hii imechoka, tuipige upya.”

Nilimwomba dada asubiri. Kabla ya kupima chochote tulinakili video za wateja na kazi za shule kwenye diski ya nje, kwa kuwa faili inayoandikwa wakati mashine inazima inaweza kuharibika, na upimaji wenyewe ungeilazimisha mashine izime tena. Pia tuliondoa alama kwenye kipengele kinachoiamuru Windows ijiwashe yenyewe baada ya kosa, ili skrini ya buluu ikitokea ibaki mbele yetu mpaka tuisome.

Windows hutunza kumbukumbu za matukio, nazo husomwa kwa programu ya Event Viewer iliyomo ndani yake. Ukiingia sehemu ya System, baada ya kila kuzima kwa ghafla utakuta tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Watu wengi wakiliona hudhani wamepata jibu, ilhali tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Chenye thamani kimo ndani yake, katika maelezo ya kina, kwenye mstari wa BugcheckCode. Mstari huo ukiwa na 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichoipata, jambo linaloelekeza kwenye umeme uliokatika ghafla au mashine iliyoganda kabisa. Ukiwa na namba nyingine, Windows yenyewe iligundua kosa ikajisimamisha, na namba hiyo ndiyo msimbo wa skrini ya buluu ulioandikwa kwa desimali. Kwa mfano, 26 ndiyo ile 0x1A (26 iliyoandikwa kwa heksadesimali) ya MEMORY_MANAGEMENT, yaani kosa la usimamizi wa kumbukumbu, ambalo mara nyingi huelekeza kwenye RAM.

Katika kumbukumbu za mashine ya dada, matukio mengi yalikuwa na 0 na yote yaliangukia saa za kazi nzito. Machache yalikuwa na 26, nayo hayakuchagua wakati: mengine yalitokea mtoto akisoma notsi tu. Zaidi ya hapo, hakuna tukio la 26 lililotangulia siku ambayo fundi alizichomoa RAM. Hapo nikaamini kwamba tuna kasoro mbili ndani ya sanduku moja, na kwamba kila moja itafutwe kivyake, kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja mashine ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na ikirudia utaanza upya.

Tulianza na ile ya kuzima ghafla. Joto tuliliondoa mapema kwenye orodha ya watuhumiwa: programu ya HWiNFO ilionyesha prosesa na kadi zikiwa mbali na viwango vya hatari hadi sekunde ya mwisho. Kisha tukaichomoa kadi ya grafiki na kuunganisha skrini kwenye mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), kwa sababu i5-8400 ina uwezo wa grafiki ndani yake. Bila kadi, mashine ilifanya kazi nzito usiku kucha bila kutetereka. Kadi iliporudishwa, ilizima ndani ya dakika chache. Matokeo hayo huwafanya watu wengi waihukumu kadi, lakini yanabeba maana mbili: ama kadi ni mbovu, ama kinachoilisha hakitoshi.

Basi tukaigeuza pawa saplai na kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, na hapa ndipo ningependa kila mnunuzi atulie. Namba kubwa ya wati 500 ni jumla tu. Pawa saplai hutoa umeme wa volti 3.3, volti 5 na volti 12, na katika kompyuta za leo mzigo mkubwa, yaani prosesa na kadi ya grafiki, hutegemea volti 12. Kwenye karatasi ile, mstari wa volti 12 uliandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16 upate wati 192. GTX 1060 peke yake imekadiriwa kutumia wati 120, prosesa imekadiriwa wati 65 na kwa vipindi vifupi huweza kupita hapo, na bado hujahesabu diski, feni na mazabodi. Zile wati zilizobaki za kufikisha 500 zilikuwa zimerundikwa kwenye volti 3.3 na volti 5, mahali ambapo mashine hii haizihitaji. NVIDIA, kampuni ya GeForce, walipendekeza pawa saplai ya wati 400 kwa kadi hiyo, lakini walimaanisha wati 400 za kweli.

Kulikuwa na dalili nyingine iliyoonekana kwa macho. Pawa saplai hiyo haikuja na plagi ya miguu sita ambayo kadi inaihitaji, hivyo fundi alitumia adapta inayochukua umeme kutoka kwenye plagi ya Molex, ile ya miguu minne iliyozoeleka kwenye diski za zamani. Tulipoichomoa, plastiki nyeupe iliyouzunguka waya wa njano ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mguu wake ulikuwa umelegea kiasi cha kuchezacheza ukiugusa kwa kucha. Waya wa njano ndio unaobeba volti 12.

Ili kuthibitisha, niliweka ncha za multimita kwenye plagi nyingine ya Molex iliyokuwa wazi, nyekundu upande wa njano na nyeusi upande wa mweusi, huku mashine ikifanya kazi. Kiwango cha ATX, kanuni inayofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, yaani kati ya volti 11.4 na 12.6. Mashine ikiwa imetulia tulisoma karibu volti 12 kamili. Video ilipoanza kutengenezwa, namba zilishuka hadi 11.1, kisha giza. Mwenye multimita aipime nje tu kwa namna hii. Asithubutu kuifungua pawa saplai, kwani umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani hufikia volti 325 hivi, na kapasita zake, vijisehemu vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Tulinunua pawa saplai ambayo mstari wake wa volti 12 unabeba karibu wati zote zilizotangazwa, yenye plagi ya kadi ya grafiki iliyotoka nayo kiwandani. Ni ya aina ambayo nyaya zake huchomolewa, na kwa hiyo natoa onyo ambalo huokoa diski: tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa pawa saplai, kila mtengenezaji hupanga miguu anavyotaka, na waya wa pawa saplai nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa kisha ukapeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5. Baada ya kufunga, multimita haikushuka chini ya volti 11.9 hata kadi ilipofanyishwa kazi kwa nguvu zake zote, na yale matukio yenye 0 yakakoma.

Skrini ya buluu iliendelea, kama nilivyotarajia. Kwa RAM tulitumia Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa badala ya Windows, na makosa yakajitokeza mapema. Mtu mwenye haraka angetupa RAM papo hapo. Mazabodi hii ina matundu manne, na maelekezo yake yanataka RAM mbili zikae kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na ndiko zilikokuwa. Lakini tulipomulika kwa tochi kutoka ubavuni, tuliona kwenye moja yake mstari mwembamba wa dhahabu ukichungulia juu ya tundu upande mmoja, kwa kuwa kibano cha upande huo kilikuwa hakijajifunga. Tuliitoa, tukasafisha miguu yake kwa kitambaa chenye spiriti safi, tukairudisha kwa kuisukuma pande zote mbili hadi vibano vilipolia. Tukaipima kila RAM peke yake, kisha zote pamoja, na hapakuwa na kosa hata moja.

Baada ya vifaa kutulia ndipo tulipoigeukia Windows, maana ilikuwa imeumia kwa kuzimwa ghafla mara kwa mara. Amri ya chkdsk ilirekebisha kasoro kwenye mpangilio wa faili, na sfc /scannow ikarudisha faili za mfumo zilizoharibika. Kuzitumia amri hizo kabla ya kutibu umeme kungekuwa kazi bure, kwani kila kuzima kupya kungeleta uharibifu mpya. Windows ile ile iliyodaiwa kuchoka bado ndiyo inayotumika.

Kilichobaki ni kile kilichoiua pawa saplai ya kwanza. Ekstensheni ya kawaida haizuii umeme unaorudi kwa kishindo, kwa hiyo tulichagua UPS (kifaa chenye betri kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta) yenye uwezo wa kurekebisha volteji inayopanda na kushuka. Hapa pia namba kubwa iliyoandikwa mbele ni ya VA (volti-ampea), wala si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na wati hizo ndizo za kulinganisha na jumla ya mashine pamoja na skrini yake.