Wiki tatu za maji baridi

Kidonge cha sabuni ndo kilianza kunipa taarifa na mimi sikukisikiliza. Asubuhi moja nafungua mashine ya kuoshea vyombo nakuta kipande kimelala chini karibu na chujio, nje kimelainika ila ndani bado kigumu kabisa, nikakiokota nikakitupa nikajisemea labda kile kijimlango cha sabuni kimechelewa kufunguka, nikaendelea na siku yangu. Kesho yake glasi zina utando. Siku iliyofuata vyombo vya plastiki vinateleza mkononi kama vimepakwa mafuta na sahani zimelowa, sio yale matone mawili matatu ya kawaida, zimelowa chapachapa.

Na hapa ndo pananiuma mpaka leo, maana badala ya kuiangalia mashine nilimgeukia mdogo wangu. Yeye ndo hupanga vyombo usiku. Nikamwambia anajaza sana, anaweka sufuria mahali zinapozuia ile mikono inayozunguka kurusha maji, na nilimwambia kwa sauti ambayo si ya kumwambia mtu anayekusaidia kazi. Hakujibu. Akaanza kuosha kila kitu kwa mkono kwanza halafu ndo anakiweka kwenye mashine, wiki mbili nzima anafanya kazi mara mbili kimya kimya. Kilichonipoteza zaidi ni kwamba kuna siku vyombo vilitoka safi, vikavu, vina joto, na siku hizo mimi moyoni nikawa nasema ameshaelewa. Kumbe yeye hakubadilisha kitu, ni mashine ndo ilikuwa inaamua yenyewe leo nichemshe au nisichemshe.

Juzi usiku nikaifungua katikati ya kazi. Niliiacha kama dakika 40 hivi ndo nikafungua mlango taratibu nimejisogeza pembeni, maana mashine isiyo na ubovu ukiifungua muda huo mvuke unakupiga usoni. Hakuna mvuke. Nikachovya kidole kwenye maji yaliyotuama chini, baridi. Niseme kabisa hapa, ukitaka kupima hivi usifungue dakika za mwanzo, kwa sababu programu nyingi zinaanza na suuza ya maji baridi makusudi, utadhani ni ubovu kumbe ndo utaratibu wake. Na mashine nyingi zinavuta maji ya baridi kutoka bombani zinayapasha zenyewe ndani, kwa hiyo bomba la moto likitoa moto vizuri halikwambii chochote.

Nimekaa na hili jambo la joto nikaona nilikuwa nalichukulia poa sana. Huyo mama Mmarekani Josephine Cochrane aliyepata hataza ya mashine yake ya vyombo mwaka 1886 alikuwa anarusha maji ya moto yenye sabuni kwenye vyombo, yaani tangu mwanzo kabisa wazo lilikuwa maji ya moto kwa nguvu. Ukiyatoa moto unabaki na kitu kinachorusharusha maji tu. Mafuta yaliyoganda hayatoki, yanahama tu kutoka sufuria kwenda kwenye plastiki. Vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni ya mashine, vile vinavyovunjavunja mabaki ya chakula, vinafanya kazi kwa uvivu kwenye baridi. Na kukausha ndo kabisa, kwa sababu mashine nyingi hazina feni ya kukaushia, zinategemea suuza ya mwisho iwe ya moto ili sahani zenyewe zibaki na joto, maji yaliyo juu yake yageuke mvuke, mvuke ukagonge kuta za bati zilizopoa zaidi, ugeuke matone utiririke chini. Ndo maana glasi na sahani nzito zinakauka kuliko plastiki, plastiki haihifadhi joto. Kwa hiyo zile sahani zilizolowa zilikuwa zinanieleza ugonjwa wote tangu siku ya kwanza.

Asubuhi nikampigia mjomba, amefanya kazi ya umeme maisha yake yote. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamweleza kwamba nimeshaamua hita imekufa naagiza nyingine. Akaniuliza, umeipima? Nikasema hapana. Akaniuliza kuna siku inapasha? Nikasema ndio, siku moja moja. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Mwanangu, hita ikikatika imekatika, haifufuki Jumanne ikafa Jumatano. Kitu kinachopona chenyewe tafuta mahali palipolegea." Akanikataza kabisa kufungua kitu chochote ikiwa kwenye umeme, akasema chomoa plagi, funga maji, na kupima volti mashine ikiwa inawaka uniachie mimi.

Ila alinipa kazi moja ya kufanya bila bisibisi. Ninacho kile kifaa cha kupimia umeme unachokichomeka kwenye soketi halafu mashine unaichomeka juu yake, kinaonyesha wati. Nikaweka programu ya digrii 65 nikavuta kiti nikakaa na kalamu. Inavuta maji, wati chache tu. Pampu ikaanza kuzungusha, 60 na kitu. Hapo ndo nilitakiwa nione namba inaruka mpaka kwenye 1,900 hivi, hiyo ndo hita inawaka, haina siri. Nikasubiri. 62, 58, 63. Dakika 20, 61. Ule muda uliobaki kwenye kioo cha mashine ukagoma kabisa kushuka, inasubiri maji yafike joto ambalo hakuna anayeyapasha. Hakuna namba ya kosa iliyotokea, hakuna mlio, imekaa tu inazungusha maji baridi kwa uvumilivu. Nilipiga hesabu pale pale, lita 4 za maji kutoka digrii 20 mpaka 60 ni kama uniti 0.19 za umeme, hita ya wati 1,900 ingeyamaliza kwa dakika 6 tu kama ingekuwa maji peke yake, weka na sahani na sufuria na bati la ndani inazidi lakini sio saa nzima.

Kwa mtu mwenye shida kama hii nasema hicho kipimo ndo kingekuwa cha kwanza kabla ya kununua chumvi mpya ya mashine na sabuni mpya kama nilivyofanya mimi. Kama wati zinapanda na maji hayapati moto, au yanapata halafu mashine haijui, unaangalia upande mwingine, kihisi cha joto au ukoko wa chokaa. Kama wati hazipandi kabisa, hita haipewi umeme au imekatika.

Na kwamba haipewi, sababu ni nyingi. Nilikuwa sijui kwamba mashine ina haki ya kukataa. Hita ya namna hii ni mrija ambao maji yanapita, ikiwaka bila maji inaungua, kwa hiyo kuna swichi ya presha inayohakikisha pampu inasukuma maji ya kutosha ndo inaruhusu moto. Chujio likiziba, au maji yakiingia kidogo, au pampu ikichoka, hita inanyimwa umeme hata kama yenyewe ni nzima kabisa. Halafu kuna kikata joto kinachokata njia maji yakipitiliza moto. Nikasafisha chujio, lilikuwa na utelezi wa mafuta (sasa najua kwa nini), nikaangalia mikono ya kurusha maji matundu yako wazi. Nikarudia kupima, 61.

Jumamosi mjomba akaja na mfuko wake. Plagi nje, maji yamefungwa, taulo chini kwa sababu hata ikishamwaga maji yake kuna maji yanabaki, na akaniambia nivae glavu maana kingo za bati za hizi mashine zinakata kama wembe. Tukafungua ubavu. Hita yenyewe imekaa pale chini, ina waya mbili nene kuliko zote. Akachomoa waya mmoja, akaweka ncha za multimita, kile kifaa chake cha kupimia umeme, akanigeuzia nisome mwenyewe: omu 28, ndo kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Akaniambia gawanya, umeme wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo 230 mara 230 gawa kwa 28, nikapata kama 1,890. Ndo wati zake zile zile. Hita ni nzima! Yaani ile niliyokuwa naiagiza, tungeifunga mpya na maji yangebaki baridi vile vile. Akapima kati ya hita na bati la mashine, multimita haikuona njia yoyote, akasema afadhali ingawa kwa uhakika kabisa wenye megga, kipimo maalumu cha umeme unaovuja, ndo wanapima hiyo.

Kihisi cha joto kilikuwa na waya mbili nyembamba. Kwenye ubaridi wa jikoni siku ile kilisoma kilo omu 12 na kidogo, mjomba akakiweka kwenye kikombe cha maji ya moto na tukaiangalia namba inashuka, 8, 5, mpaka chini ya 3. Hichi chenyewe kinaenda kinyumenyume, joto likipanda ukinzani unapungua, hiyo ndo lugha inayosomwa na bodi, ile sahani ya umeme inayoiongoza mashine. Aina nyingi ni kilo omu 10 kwenye digrii 25. Kwa hiyo nacho kizima. Kikata joto, njia haijakatika. Swichi ya presha, ukipuliza kidogo inalia tik.

Ikabaki bodi. Hii ilikuwa ndani ya mlango, skurubu zote za pembeni za mlango zikatoka, kasha la plastiki likafunguka, mjomba akaitoa bodi akaigeuza mgongo. Mimi niliona kitu cha kijani chenye vitone vya lehemu vinavyong'aa, hamna kibaya. Akaniambia chukua simu yako ikuzie. Nikasogeza kamera karibu na miguu ya relei, ile boksi ndogo nyeusi inayofungua na kufunga umeme wa hita, na pale ndo nikaiona. Mguu mmoja wa relei umezungukwa na duara jembamba jeusi, kama mstari uliochorwa kwa sindano, lehemu imeachana na mguu, na bodi pembeni yake imegeuka kahawia kidogo. Nikagusa relei upande wa pili kwa kidole, mguu ukacheza ndani ya kile kiduara. Nywele tu. Nafasi ya unywele.

Mjomba akanielezea polepole na nikaipenda ile stori. Kila ukiosha, hita inavuta ampea 8 na kitu kupitia ule mguu. Unapata joto, unatanuka, hita inazima, unapoa, unasinyaa. Usiku baada ya usiku kwa miaka. Lehemu inachoka, inapasuka kidogo, ikishapasuka umeme unapita kwa shida, joto pale linazidi, mpasuko unakua. Siku mguu ukigusa maji yanachemka, siku usipogusa maji baridi. Ndo zile siku nilizokuwa nampongeza mdogo wangu kimoyomoyo.

Akanyonya lehemu ya zamani yote, hakutaka kuongezea juu ya ile iliyochoka, akasafisha mguu, akapaka dawa ya lehemu, akachomelea upya, na alipomaliza akapitia na miguu mingine mikubwa ya pembeni kwa sababu nayo imepita maisha yale yale. Labda dakika 10. Akaniambia ingekuwa bodi imekuwa mkaa asingeigusa, ingebadilishwa, kwa sababu mkaa unapitisha umeme na hapo unaongelea moto wa nyumba. Yetu ilikuwa kahawia tu. Akaniambia pia niifuatilie, relei yenyewe ni mzee, ikianza tena hiyo ndo inabadilishwa, ni kifaa kidogo.

Tukarudisha kila kitu, skurubu zote, ndo plagi. Nilimwita mdogo wangu kabla hatujawasha. Nikamwonyesha ile picha ya kwenye simu, kile kiduara, nikamwambia ndo hichi, sio wewe, haikuwahi kuwa wewe, na nilikosea kukusemea vile, nisamehe. Akaichukua simu akaikuza akaiangalia muda mrefu. Akasema "kadogo hivi?" Akaniuliza kwa hiyo zile sufuria alikuwa anazipanga sawa, nikamwambia ulikuwa unazipanga sawa. Hakuongeza neno ila akaenda kuchukua vyombo vya mchana vilivyokuwa kwenye sinki, vyote vichafu hivyo hivyo bila kuviosha, akavipanga alivyokuwa anavipanga zamani, sufuria kubwa kona ya kushoto.

Tukakaa watatu chini tunaangalia kile kifaa kwenye soketi. 4. Maji yanaingia. 59. Suuza ya baridi ikapita, nikaanza kuwa na wasiwasi tena, 60, 62. Halafu ndani ya mlango ikalia tik, ndogo sana, na namba ikaruka 1,948.

Mdogo wangu akaweka kiganja kwenye mlango, akasema bado. Baada ya kama robo saa akaweka tena, na hakukitoa.