Nukta-mkato moja tu

Jana nimeumbuka. Nilikuwa na API ndogo (mlango wa programu nyingine kutuma maombi) ya kuendesha skripti ya bakapu kwenye seva: inapokea jina la folda, inalibandika kwenye amri, inaikabidhi sheli (programu inayotekeleza amri). Ikafanya kazi miezi kadhaa, nikajiona fundi. Mwenzangu kazini akaniambia nitume jina hili: picha; id. Kwa sheli, nukta-mkato humaliza amri moja na kuanza nyingine, na id huonyesha ni mtumiaji gani anayeendesha amri. Jibu likarudi na uid=0. Yaani root, mtumiaji mwenye mamlaka yote! Nikanyamaza. Mwenye tokeni (ufunguo wa kuingilia API) angeweza kuandika rm, amri ya kufuta, mahali pa id na seva ingetii tu.

Usiku huohuo nikaibomoa. Sasa jina la folda lisipokuwemo kwenye orodha yangu, ni 400 (ombi baya) moja kwa moja. Kwenye Python nimeondoa shell=True (inayopitisha amri kwenye sheli), kila hoja inapita kivyake, hivyo nukta-mkato inabaki kuwa herufi kama nyingine. Skripti inaendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka. Sudo (ruhusa ya kuendesha kitu kama root) anayo kwa faili moja tu, na faili lenyewe hawezi kulihariri (hili nusura nilisahau, na bila hilo yote ni bure). Bakapu ndefu zinaingia foleni, API inajibu 202 (ombi limepokelewa).

Leo asubuhi mwenzangu kajaribu tena. Kapata 400, kacheka.