Vishikwambi 25 na laini moja: tulivyoufanya msaada wa kampuni ya simu ufundishe shule nzima

Msaada ulikuja na vishikwambi 25 vya inchi 8, ruta moja ya 4G, na laini ambayo kampuni ya simu ilikubali kuilipia bando la GB 30 kila mwezi. Juu ya hapo tulipewa orodha ya tovuti za elimu zinazofunguka bure kwenye mtandao wao. Shule ni ya kata, haijafikiwa na nguzo ya umeme, na kidato cha kwanza kina mikondo mitatu ya wanafunzi 50 kila mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mzigo ule unafundisha. Naandika kwa vipimo, kwa sababu shule nyingi zinapokea mzigo wa aina hii na mwaka wa pili unaukuta umefungiwa kabatini.

Nilianza na hesabu ya bando. Video ya somo ya dakika 10, kwa ubora wa chini, ni kama MB 30. Wanafunzi 50 wakikaa wawili wawili, vishikwambi 25 vinavuta video hiyo hiyo mara 25, yaani MB 750. Zidisha kwa mikondo mitatu, unapita GB 2 kwa video moja tu. Bando la mwezi mzima linaishia kwenye video ya 13. Lakini video hiyo ikivutwa mara moja na kuwekwa kwenye seva ndogo iliyopo shuleni, yaani kompyuta inayotunza masomo na kuyagawia vishikwambi, gharama inabaki MB 30, hata ikitazamwa na shule nzima mpaka Novemba. Basi tukakata shauri: laini ya kampuni ni ya kuleta maudhui shuleni, na kuyagawa darasani ni kazi ya waifai ya ndani ambayo haili bando hata kidogo.

Njia hii ina waliotangulia. Vodafone Foundation, wakfu wa kampuni ya simu ya Vodafone, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walipoanza mpango wao wa shule za kidijitali kwenye kambi za wakimbizi mwaka 2013, Dadaab ya Kenya ikiwa miongoni mwa kambi za mwanzo na baadaye Nyarugusu kule Kasulu, walikutana na tatizo hili hili la mtandao hafifu na umeme wa shida. Mwaka 2015 wakfu huo ulitangaza sanduku la darasa lenye uzito wa kilo 52, ndani yake laptopu, vishikwambi 25 vilivyokwisha jazwa masomo, projekta, spika na modemu. Maudhui yanasafiri ndani ya sanduku, hayasubiri mnara. Sisi sanduku hilo hatukuwa nalo, tukatengeneza la kwetu.

Seva yetu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye RAM ya GB 4, ikiwa na programu ya masomo ya Kolibri, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida kupitia anwani ya seva na namba 8080, na menyu zake zina Kiswahili. Mzigo wa kwanza wa masomo hatukuuvuta kwa laini ya shule. Nilikwenda nao mjini kwenye intaneti ya waya, nikachagua mada moja moja badala ya kubeba chaneli nzima (furushi la masomo la mtoaji mmoja), ikawa GB 40 hivi, nikarudi nazo kwenye diski ya USB. Tulichukua hisabati ya Khan Academy kwa Kiswahili, majaribio ya sayansi ya PhET, na hadithi za African Storybook. Hisabati ya Kiswahili wengine waliona haifai kwa sekondari, kwa kuwa mitihani ni ya Kiingereza. Mimi naona ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili. Akishauelewa mlinganyo kwa lugha anayoijua, zoezi la Kiingereza linamdai msamiati tu, halimdai tena hesabu yenyewe.

Usiweke mfumo wa seva kwenye kadi ya SD, ile kadi ndogo ya kumbukumbu. Umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika, kadi inaharibika, na yetu iliharibika ndani ya wiki tatu. Tuliuhamishia mfumo kwenye SSD, diski imara zaidi, ya GB 256, na tukaweka kitufe cha kuzimia seva taratibu, mwalimu wa zamu anakibonyeza kabla ya kuchomoa waya. Kitu kingine ambacho hakionekani mpaka kikuumize ni saa. Raspberry Pi 4 haina saa inayotembea yenyewe ikizimwa. Ukiiwasha bila intaneti inaamka na tarehe ya zamani, na kumbukumbu za wanafunzi zinaandikwa siku ambazo hazikuwepo. Dawa yake ni kisaa kidogo cha DS3231 chenye betri bapa ya CR2032, kinachomekwa kwenye pini za seva.

Waifai ya Raspberry yenyewe haitoshi darasa. Kila tulipojaribu, vishikwambi vilivyofuata baada ya nane hivi vilikataliwa kuunganishwa. Nunua ruta nyingine ya kugawia, uichomeke kwa waya kwenye seva, uipachike ukutani juu ya vichwa vya wanafunzi. Kama vishikwambi vinapokea masafa ya GHz 5, tumia hayo. Ruta ya 4G ya kampuni inabaki pembeni, imeunganishwa na seva peke yake. Vishikwambi visiijue hata nywila yake.

Sisitizo hilo lina sababu. Siku ya kwanza vishikwambi vyote viliunganishwa moja kwa moja na ruta ya 4G, na kila kimoja kikaanza kuvuta sasisho la Android na la programu zilizomo. Sasisho la GB 1 mara 25 ni GB 25. Asubuhi iliyofuata bando la mwezi lilikuwa limekwisha na hakuna mtoto aliyesoma hata ukurasa mmoja. Sasa maudhui mapya yanavutwa na seva peke yake, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa orodha ambayo walimu wameiandika Ijumaa.

Kishikwambi kikiunganishwa na waifai isiyo na intaneti, Android inakuuliza kama unataka kubaki hapo. Usipoweka alama ya kutokuulizwa tena, kitaondoka chenyewe katikati ya somo na mwanafunzi atasema kimeharibika. Fanya hivyo kwenye vyote 25 kabla ya kuviingiza darasani, ni kazi ya nusu saa.

Na akaunti ya Google. Aliyefungua vishikwambi mara ya kwanza alitumia akaunti yake binafsi. Kimoja kilipofutwa kabisa ili kianze upya, kikadai akaunti ile ile, na bila nywila yake kikawa kipande cha kioo tu. Fungua akaunti ya shule, andika nywila kwenye karatasi, iwekwe kwenye faili la mali za shule, si kwenye simu ya mtu. Laini nayo ni vivyo hivyo. Isajiliwe kwa jina la taasisi na nyaraka zake, hata kama inachukua siku kadhaa zaidi. Laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole ya mwalimu mmoja inaondoka naye siku akihamishwa, na bila yeye kampuni haimrudishii namba mtu mwingine.

Tovuti za bure zinahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana hapa ndipo ahadi na hali halisi zinapopishana bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mpango wa Airtel Africa na UNICEF wa mwaka 2021, wa miaka mitano na dola milioni 57 katika nchi 13, ulikuwa na kipengele hiki cha kufungua masomo bila gharama ya data. Wazo ni zuri sana kwa mzazi mwenye simu janja isiyo na bando. Lakini kampuni ya simu inatambua tovuti kwa jina lake. Ukurasa wa somo unaweza kuwa na maandishi kutoka jina lililofunguliwa bure, picha kutoka jina la pili, na video iliyopachikwa kutoka YouTube. Jina la kwanza ni bure, mengine mawili yanakata.

Ukipima kwa laini yenye bando hutaona kitu, kila kitu kitafunguka na bando litaliwa kimya kimya. Pima hivi: chukua laini isiyo na salio wala bando, zima waifai, fungua ukurasa mmoja mmoja. Kwetu maandishi yalitokea, mahali pa picha pakabaki peupe, na video ikazunguka tu. Niliorodhesha kila jina ambalo ukurasa ulikuwa unaliita, kwa kutumia kivinjari cha laptopu, nikaituma orodha kwa kampuni. Majina ya picha yaliongezwa baada ya wiki kadhaa. Video za YouTube hazikuwezekana, kwa sababu kuzifungua ni kuifungua YouTube yote. Kwa hiyo video tukaziacha seva ya shule izibebe, na wazazi tukawaelekeza kwenye kurasa za maandishi na mazoezi. Waambie pia wasitumie Opera Mini wala VPN kwenye tovuti hizo. Zote mbili zinapitisha ukurasa kwenye seva ya mbali, kampuni haioni jina la tovuti ya elimu, na data inakatwa kama kawaida.

Kwa mwenye kitochi, tovuti ya bure haina maana yoyote. Kenya walishaonyesha njia: Eneza Education, wakishirikiana na Safaricom, walipeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kupitia Shupavu 291. Kampuni inayotaka kuwafikia watoto wote ianze hapo kabla ya kugawa simu janja.

Sasa umeme. Kila mkondo unapata vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kwa hiyo mikondo mitatu ni saa nne za skrini. Kishikwambi chetu kinakula kama wati 3, ukiongeza upotevu wa kuchaji ni wati-saa 15 kwa siku. Vyote 25 vinakuwa 375. Seva na ruta ya darasani ni wati 12 kwa saa saba, ni 84. Usiku seva na ruta ya 4G kwa saa nne ni 48. Jumla kama 510. Jua la kuhesabika saa tano kwa siku, toa asilimia 30 ya upotevu, paneli ya wati 150 inatosha kwa shida, tukafunga ya 200. Betri ni ya maji, volti 12 na Ah 100, na haishushwi chini ya nusu, kwa hiyo inatupa wati-saa 600. Masika, siku ya mawingu, mkondo mmoja unasoma kwa vitabu, na ratiba imebandikwa mlangoni ili pasiwe na ugomvi.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, tuliiacha. Tunachaji kwa vichwa vya USB vinavyotoka moja kwa moja kwenye volti 12. Inveta za bei rahisi zinakula sehemu ya umeme, na umeme wake usiotulia unafanya kioo cha kishikwambi kijiguseguse chenyewe. Vishikwambi 25 vikichajiwa pamoja vinataka wati 250, hivyo tunagawa makundi mawili, 13 kuanzia saa saba na nusu mchana, kisha 12 vilivyobaki.

Mwanzoni tulikuwa tunachajia ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, chini ya paa la bati. Mwezi wa tatu kishikwambi namba 9 kilikuwa hakilali tena mezani. Ukikiweka kinayumba. Ukikitazama kwa ubavu, kioo kimeachana na fremu upande mmoja na mwanga unapita katikati, mgongo umetuna kama kitumbua. Betri ilikuwa imevimba kwa joto. Usikibonyeze, usikichaji tena, kiweke nje juu ya mchanga mpaka fundi aje. Tulitoboa sanduku matundu pande mbili, tukalihamishia ofisi yenye dari, na tangu hapo hakijavimba kingine.

Darasani tumewaacha wanafunzi waingie bila nywila, Kolibri inaruhusu, kwa jina la mkondo na namba, mfano 1b07. Nywila zilikuwa zinakula robo ya kipindi. Wawili wanashika kimoja, na mwalimu anapiga makofi kila dakika 10 wabadilishane. Bila makofi hayo, mwenye kujua zaidi anashika mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi msichana ndiye anayebaki mtazamaji. Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa kufanya masomo ya kishikwambi yawe ya jioni: wasichana wengi wana maji na jiko vinavyowasubiri nyumbani.

Walimu hawakuanza sifuri, kwani vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu na wengi walishazoea kugusa kioo. Walichokosa ni kuunda somo ndani ya Kolibri na kusoma ripoti yake. Tulichukua wanne, saa moja kila wiki kwa wiki nane, kila mmoja akiandaa kipindi chake cha wiki inayofuata. Ufunguo wa sanduku upo kwa watu wawili, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma, ili mmoja akiitwa kikao cha wilaya kipindi kisife.

Likizo ya Desemba vishikwambi vinazimwa vikiwa na chaji ya asilimia 50 hadi 60, si mia na si sifuri. Katikati ya likizo mwalimu wa zamu anavichungulia, anaongeza chaji kwa vilivyoshuka, na anaiwasha laini ya ruta ivute chochote kidogo, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine.