Kompyuta Isiyoiona Diski Yake: Tazama Saa Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ikiwashwa na kuishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayosema kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, mafundi wengi hukimbilia flashi ya kupigia Windows upya. Haraka hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayopoteza hesabu za duka, picha za harusi na tasnifu za wanafunzi, kwa sababu ujumbe ule hausemi kwamba diski imekufa. Unasema tu kwamba BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, haikukuta programu ya kuanzisha mfumo mahali ilipoagizwa kutafuta.

Kwa hiyo ingia kwanza kwenye BIOS, kwa F2, Delete au kitufe kingine alichoweka mtengenezaji, uangalie kama jina la diski limeorodheshwa na kama tarehe ni sahihi. Tarehe ndiyo shahidi ninayemwamini zaidi. Saa ya kompyuta, na katika mashine nyingi za zamani mipangilio ya BIOS pia, hutunzwa na betri bapa ya CR2032, yenye volti 3 na kipenyo cha milimita 20. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye umeme huipumzisha betri hiyo hata ikiwa imezimwa. Lakini sisi tuliozoea kuzima swichi ya ukutani kila jioni huiachia kazi usiku kucha, na mashine za mtumba mara nyingi hutufikia betri zao zikiwa zimekwisha kuzeeka. Betri ikiisha nguvu, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na mipangilio huweza kurudi ile ya kiwandani.

Hapo ndipo diski nzima kabisa huonekana kama mbovu. Windows iliyowekwa kwa UEFI, utaratibu mpya wa kuwasha kompyuta, kwenye diski iliyogawanywa kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski, haitawaka ikiwa BIOS imerudi kwenye hali ya Legacy, yaani ya zamani, ambayo hutafuta maelekezo katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, kwa utaratibu uliokuja na PC DOS 2.0, mfumo wa zamani wa kompyuta za IBM, mwaka 1983. Vilevile, mpangilio wa SATA, njia inayounganisha diski na kompyuta, ukihama kutoka AHCI kwenda RAID, namna mbili tofauti za kuzungumza na diski, Windows huanza kuwaka kisha huangukia skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Yote mawili huisha kwa betri mpya na kurudisha mipangilio ilivyokuwa, bila faili hata moja kuguswa.

Jina la diski lisipoonekana kabisa, chomoa umeme, kisha jaribu waya mwingine wa SATA na tundu jingine. Diski ya sahani zinazozunguka ikiwa inagongagonga, isiwashwe tena na tena. Diski ikionekana kwenye BIOS lakini ikasuasua, washa kompyuta kwa flashi ya Linux na unakili nyaraka kabla ya kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski inayopendwa kupita kiasi, kwani hurekebisha kwa kuandika kwenye diski ambayo huenda imeshachoka.

Diski ikiwa nzima na mipangilio sahihi, sehemu ya EFI, kipande kidogo cha diski chenye mafaili ya kuanzia, huenda ndiyo iliyoharibika. Amri ya bcdboot, kutoka kwenye flashi ya Windows, huandika upya mafaili yake ya kuanzia. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kubadilisha chochote kwenye BIOS, maana mabadiliko hayo yanaweza kuufanya mfumo uudai papo hapo.