Maziwe, Kisiwa Kinachofunikwa na Maji

Nimezaliwa na kukulia Bahi, mkoani Dodoma, mahali ambapo maji ya kiangazi hutafutwa kwa jembe na kata katika mchanga wa mto uliokauka, na kwa miaka mingi neno wanyamapori kwangu lilimaanisha tembo na twiga wa Ruaha. Mwezi wa Agosti, baada ya maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, mimi na mke wangu tulipanda basi, tukapita Morogoro, Chalinze na Segera hadi Pangani, kwa ajili ya siku moja tu ya kutembea baharini. Naiandika safari hii kwa sababu jamaa zangu wengi wa Dodoma wameshafika mbugani, lakini hawajui kwamba katika bahari ya mkoa wa Tanga hupita kila mwaka nyangumi, wanyama ambao tembo mbele yao ni mdogo.

Siku ya kwenda hatukuichagua sisi. Iliamuliwa na maji. Kisiwa cha Maziwe, kilichoko kusini-mashariki ya mji wa Pangani, ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa, na huonekana vizuri zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hufikia mwisho wa kupwa kwake karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo saa moja na nusu tulikuwa tumeshaketi ndani ya mashua ya mbao yenye injini, tumevaa maboya ya kujiokolea, na nahodha ameshika usukani.

Mto Pangani, ambao maji yake huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, huingia baharini ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mlangoni pake mawimbi yalikuwa makubwa, maana kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa bado haijatulia, na mke wangu akashikwa na kichefuchefu. Nahodha alimwambia kwa upole, "Mama, usitazame chini. Itazame minazi ya Bweni, ile haiyumbi." Alifanya hivyo, na haukupita muda mrefu akapata nafuu. Rangi ya maji ilikuwa imeshageuka kuwa buluu, na pomboo sita au saba wakatufuata ubavuni kwa dakika chache kisha wakaenda zao.

Nyangumi alionwa kwanza na kijana wa nahodha. Mimi nilichoona ni kitu kama moshi mweupe uliosimama juu ya maji na kupotea, nikadhani ni wimbi limevunjika. Nahodha alizima injini akasema tusisogee, tungoje. Moshi ule, kama alivyotueleza, si maji yanayorushwa bali ni pumzi, kwa kuwa nyangumi hana matamvua kama samaki na lazima apande juu kuvuta hewa. Ukimya ulipotanda tuliisikia pumzi ya pili kabla ya kuiona, sauti nzito na ndefu, kisha mgongo mweusi wenye nundu ndogo ukainuka, ukajipinda, na pembeni yake ukatokea mgongo mwingine mdogo sana. Alikuwa mama na mtoto wake.

Nyangumi hawa wenye nundu hula na kunenepa katika bahari baridi za Antaktika, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kupandana katika maji yetu ya uvuguvugu, na hupita huku hasa kati ya Julai na Oktoba. Nyangumi aliyekomaa anaweza kufikia tani 30. Mama anaponyonyesha huku kwetu huwa anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, karibu bila kula chochote, na kwa sababu hiyo naona ni kosa kubwa kwa mashua yoyote kumkimbiza ili abiria wapate picha.

Tulipofika Maziwe, mchanga ulikuwa umetoka wote, mweupe, na membe, ndege wa baharini, wamejipanga ukingoni. Hakuna hata mti mmoja. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kilihesabiwa kuwa mahali muhimu mno pa kutagia kasa nchini, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchanga ulikuwa umeliwa na bahari kiasi kwamba maji yakijaa hufunikwa chote. Tangu 1981 ni hifadhi. Kasa hawakuacha kukipanda usiku, ila mayai yakibaki pale huoza kwa maji ya chumvi, na ndiyo maana wenyeji huyachimbua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo, bara, wakayafukia upya na kuyalinda.

Jioni tulikuwa Ushongo, na hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani. Mlinzi wa viota alipiga magoti akaanza kuuchimba mchanga kwa viganja vyake, polepole, akiutoa kidogokidogo, kama bibi yangu alivyokuwa akichimba Bahi hadi mchanga ulowe na maji yaanze kujikusanya. Hapa kilichotokea ni kichwa cheusi kisichozidi ukubwa wa maharage, kisha mguu uliofanana na kasia, kisha wakatoka kwa wingi, mmoja juu ya mwenzake, wakielekea baharini bila kuonyeshwa njia. Tuliambiwa tusiwashike, bali tusimame pembeni na kuwafukuza kunguru.

Mmoja alichelewa. Wimbi la kwanza lilimrudisha, la pili likampindua tumbo juu, naye akahangaika mpaka akajigeuza, na la tatu likamchukua. Kichwa chake kilionekana mara moja. Niliinua macho nikatazama upande wa Maziwe, ilikuwa saa kumi na maji yamejaa, na mahali tulipotembea asubuhi palikuwa bahari tupu, membe wakizunguka juu yake.