Kobe hatupwi baharini

Wacha nianze na hili manake bado limenikaa moyoni. Kuna kobe aliletwa kwangu na tuktuk kutoka ufuo wa Pirates hapa Mombasa, kafungwa kwenye gunia la unga, maji yamtoka puani, shingo imelegea. Vijana waliokuwa naye walikuwa na nia njema kabisa, walipewa na jirani anayehama, wakaambiwa mpelekeni mkamwachilie akajitafutie, na wao wakajua kwao kobe ni baharini basi wakamtia majini. Kobe wa nchi kavu haogelei jamani, anazama. Aliyemwokoa ni mzee mmoja anayekodisha tyubu za kuogelea pale ufuoni, akawapigia ukelele, nyie watoto nyie huyo si kasa! akaingia na nguo zake akamtoa. Mola amjalie kheri mzee yule.

Na sisi ni watu wa pwani, sisi ndio tungefaa kuwa wa kwanza kuijua hii tofauti. Kasa ana mapezi mapana, hana miguu ya kutembelea, na kichwa chake hakiingii ndani ya gamba. Kobe ana miguu minene yenye kucha na ukimgusa tu anajikunja kotekote ndani. Basi. Ukimkuta kasa kwenye wavu au amekwama ufuoni pana watu wa Local Ocean kule Watamu ambao kazi yao ni hiyo tangu 1997, na wavuvi wengi wanawajua. Kobe ni habari nyingine kabisa na ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, yeye na jamaa zake wanaofugwa halafu wakachokwa, na mwisho kuna mmoja ninayemtafutia kwake.

Watu wakisikia huwa napokea kobe hufikiri ni wale waliopotea njia. Hapana, wengi walikuwa na wenyewe na majina walipewa. Mtoto alimtaka, babake akamnunulia kwa dereva wa lori aliyemuokota huko Taru au Maungu, akachezewa likizo nzima, shule zikafunguliwa, kobe akabaki nyuma ya tangi la maji anakula maganda. Au watu wanahamia fleti ghorofa ya nne na landilodi hataki mnyama. Au (na hii ndio inaniuma zaidi) mzee wa nyumba aliyekuwa akimlisha kila asubuhi amefariki, na waliobaki hakuna hata mmoja anayejua kobe yule anakula nini.

Hiyo ya mwisho nimeiona Mji wa Kale. Nyumba ya ukoo, ua wa ndani, kobe mle uani tangu hata shangazi mwenyewe hajazaliwa, na sasa nyumba inauzwa kila mtu achukue fungu lake. Vitanda vikapata wenyewe, kabati likapata mwenyewe, sinia za shaba wakazigombania. Kobe hakuna aliyemtaja. Shangazi akaniambia mwanangu, sisi tuligawana kila kitu tukamsahau huyu na huyu ndiye mkubwa wetu sote. Alikuwa analia wallahi, na mimi sikupata la kumjibu.

Manake hapo ndipo watu hawafikirii wakati wa kununua. Yule kobe wetu wa madoadoa, wanayemuita kobe chui, akitunzwa anapita miaka 50 bila shida na wako wanaokwenda mbali zaidi. Wale wakubwa wa kisiwa cha Aldabra mnaowaona kwenye bustani ya wanyama ya Haller Park hapa Mombasa ndio usiseme, Mzee yule aliyeandamana na mtoto wa kiboko Owen baada ya tsunami ya Disemba 2004 walimkadiria miaka kama 130 wakati ule. Kule kisiwa cha St Helena kuna mmoja anaitwa Jonathan anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Kwa hivo ukimchukua kobe ukiwa na miaka 40 ujue kuna mtu atamrithi, na mtu huyo afaa umjue leo kwa jina na akukubalie kwa mdomo wake, sio uje umwachie mtihani.

Kitu cha kwanza ninachofanya akiletwa ni kumgeuza taratibu niangalie ukingo wa gamba nyuma. Mara nyingi nakuta tundu. Watu wanatoboa na drili au msumari wa moto wapitishe kamba ya nailoni wamfunge kwenye mti asitoroke, na ukiwauliza wanakwambia ah hilo ni gamba tu hasikii. Anasikia. Gamba la kobe limeshikana na uti wa mgongo na mbavu zake, ni mifupa yake mwenyewe iliyokuwa moja, juu ndio kuna kile kitu kile kile cha kucha zetu, na chini yake kuna damu na kuna mishipa ya fahamu. Yule wa mwisho kuletwa na tundu, kamba ilikuwa imeshakata hadi pembeni pakabaki kipande kinachochezacheza, ukikigusa anavuta miguu yote minne ndani kwa mpigo mmoja. Tulisafisha kwa iodini, tukamweka pakavu penye wavu wa mbu nzi wasimtagie, na daktari wa mifugo akaja kumkata kile kipande. Ameshapona lakini mpaka leo ukipita nyuma yake anajificha, ukija kwa mbele hana neno.

Wengine wanampaka rangi ya mafuta, jina la timu, bendera. Hiyo pia muache.

Halafu chakula. Hapa ndipo pana mauaji ya kimya kimya kwa sababu anayelisha anajiona ana huruma. Wali, ugali, mkate wa kuchovya maziwa, biskuti, hata nyama kuna wanaompa. Kobe chui ni mla majani, tumbo lake limeumbwa kwa nyasi ngumu na mimea ya nyikani, ukimpa vya kwetu atavila na utamuona ananenepa lakini ndani anaharibika. Yule aliyelelewa vibaya tangu udogoni, lishe mbovu na pakavu muda wote bila maji, utamjua kwa gamba, badala ya kuwa laini la duara linafanya vinundu vinundu mgongoni na havirudi tena hata umpe nini. Mimi nawapa ukoka, nawapa majani ya mpungate nikishatoa miba, maua ya hibiskasi, na mchunga. Ndio, mchunga huu huu mchungu unaopangwa mafungu na akina mama sokoni, kobe anaupenda ajabu. Mchicha kidogo tu na sio kila siku kwa sababu una kitu kinachozuia kalsiamu isifike kwenye mifupa. Embe na papai mara moja moja, ukizidisha anaharisha.

Na kalsiamu yenyewe hapa Mombasa hainunuliwi. Tembea ufuoni maji yakitoka utaokota vile vifupa vyeupe vya dome, vyepesi, ukikwaruza na kucha vinatoa unga. Vioshe viloweke vitoke chumvi, vianike mpaka vikauke kabisa, umwekee. Atakuwa anang'ata pole pole siku anayojisikia mwenyewe. Watu wa nchi nyingine wananunua hivi dukani!

Maji pia. Kobe wa nyikani haimaanishi hanywi. Mtie kwenye karai lenye maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu, muache kama robo saa, atainamisha kichwa anywe kwa muda mrefu na mara nyingi atatoa mkojo wenye kitu cheupe kizito. Usishtuke, ndivyo anavyotoa uchafu wake. Cheupe hicho kikiwa laini ni sawa, ukikishika ukasikia chembechembe ngumu ujue amekaa na kiu muda mrefu. Huyu wa Pirates alikuwa na chembechembe tupu, amezungukwa na bahari nzima na mwilini hana maji.

Sasa nije kwa yule ambaye ndiye sababu hasa ya kuandika leo. Nimeletewa kobe wa maji mwenye mistari myekundu nyuma ya macho, wale wadogo wadogo wanaouzwa na samaki wa mapambo wakiwa hawajafika hata upana wa kiganja. Asili yake sio hapa, ni Marekani, bonde la mto Mississippi. Wamesambazwa dunia nzima kwa biashara hii, na huko walikotupwa mitoni na mabwawani wamewashinda wenyeji chakula na mahali pa kuota jua hadi wakaingizwa kwenye ile orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulikataza kuwaingiza mwaka 1997, na Marekani kwenyewe tangu 1975 hawaruhusu kuuza wale walio chini ya inchi 4 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni na kupata salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Kwa hivo jambo la kuosha mikono na sabuni kila ukimshika sikuombi, nakuamuru, na hilo ni kwa kobe wote sio huyu tu.

Familia iliyokuwa naye waliambiwa dukani kwamba habadiliki, atabaki vile vile kadogo. Uongo mtupu. Majike wanaweza kukaribia sentimita 30 na wanaishi miaka 20, 30. Alivyokuja kwangu alikuwa amelijaza lile tangi la kioo hata kugeuka hawezi, na ukimbonyeza gamba kwa kidole gumba linabonyea. Linabonyea kabisa. Mama wa nyumba alishangaa kwa sababu tangi lilikuwa dirishani na jua la Mombasa mnalijua, lapiga hapo kutoka asubuhi. Lakini kioo cha dirisha kinazuia ule mwanga wa jua anaouhitaji kutengeneza vitamini D, na bila vitamini D hata ukimpa kalsiamu ndoo nzima mwili hauishiki. Joto linapita, faida inabaki nje, na mnyama anapikika ndani ya maji yake. Sasa yuko kwenye beseni kubwa uani, nusu jua nusu kivuli, na jiwe la kupanda, na gamba limeanza kushika. Siku ya kwanza alipopanda lile jiwe alinyoosha miguu ya nyuma yote miwili hewani, vidole amevitawanya, akakaa hivo mpaka jua likahama.

Walitaka kumtupa kwenye mto mmoja kule bara. Nawashukuru sana kwamba walipiga simu kwanza.

Kuhusu sheria nitasema wazi kwa sababu watu wananiuliza inboksi kwa kujificha. Kobe wa porini, kinyonga, kenge, chatu, wote hao kuwafuga bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu zake sio za kuchezea. Kwa hivo mimi siwi mwenye kobe, mimi ni kituo cha njiani, akifika nawaarifu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na wao ndio wanaoamua aende wapi. Na usimrudishe porini kivyako vyako hata kama unajua alikotoka, aliyekaa na watu anaweza kubeba ugonjwa wa mapafu akaupeleka kwa wenzake wasio na kinga. Wala Haller Park sio mahali pa kuangusha bokisi getini usiku ukakimbia. Maoni yangu, na nimeyasema kwa yeyote anayenisikiliza, ni kwamba woga wa kushikwa ndio unaowaua hawa wanyama kuliko ukatili. Mtu ana kobe wa marehemu babake, anaogopa kujitokeza, anamtupa kichakani usiku. Ningetamani kuwe na muda wa msamaha unaotangazwa kwenye redio za hapa pwani, lete mnyama, hutaulizwa, hutashikwa. Wangejitokeza wengi mno. Wale niliowasindikiza mimi mwenyewe kwenda kusalimisha, hakuna aliyelala ndani.

Vinyonga kwa ufupi: mnawaogopa bure, hana sumu, na mtoto akimleta nyumbani kwenye chupa mrudisheni mtini pale pale alipotolewa siku hiyo hiyo. Hanywi kwenye kisahani, yeye anaramba matone kwenye majani, kwenye chupa atakufa na kiu huku mkimwekea maji. Nyoka siwapokei, tuseme ukweli hiyo ni kazi ya waliosomea, watu wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu wamekuwa nayo tangu 1980.

Basi huyu wa mistari myekundu anahitaji kwake. Sitafuti mtu wa kumuonea huruma, natafuta mwenye bwawa la saruji la maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya ukuta wake, lisiloungana na mfereji wala mto, kuta zimepanda juu asitoroke, na kina kinachozidi urefu wake mara kadhaa. Pawe na jiwe au gogo la kuotea jua na upande wenye kivuli. Chujio la maji ni lazima maana anachafua kupita samaki. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano tusubiriane kwanza. Na uniletee mtu wa pili, ndugu au mtoto wako mkubwa, aniambie yeye mwenyewe kwamba ukihama au ukiondoka duniani atamchukua. Ukiwa na hayo niandikie, nitakuja na tepu nipime bwawa, halafu suala la kibali tutalifuatilia pamoja, na hatoki hapa kwangu kabla hakijapatikana.